Acheni Kuuza Mpini kwa Jina la Mti

Wapambanaji, leo naongea na watu wa mipini. Wewe unayeuza mipini ya majembe, mashoka, sururu na nyundo sokoni, gulioni au pembeni ya duka la pembejeo. Na wewe fundi seremala ambaye mabaki ya mbao unayachonga mipini ili yasiishie jikoni.

Nina maoni yangu, na najua kuna watakaonipinga. Nasema hivi: hii biashara tunaiua wenyewe kwa sababu tunauza majina. "Chukua huu bosi, mninga huu." "Huu mpingo mama, utamrithisha mjukuu." Mteja anasikia jina kubwa, anatoa hela, anaondoka. Wiki ya tatu mpini unacheza kwenye tundu, mwezi wa pili umekatika. Harudi kukugombeza. Haji tena kabisa, na akifika kijiweni anawaambia wenzake kwamba mipini ya siku hizi ni ya kuchomea chai.

Na kwenye shoka sio suala la hela peke yake. Mpini ukikatika katikati ya pigo, kile chuma kinaruka. Mbele yake anaweza kuwa amesimama mtoto aliyekuja kuokota kuni. Kwa hiyo tusichukulie mpini kama kijiti cha kuuzia jembe. Mpini ndio unaoshika chuma kisiende kisikotakiwa.

Msimamo wangu ni huu: kabla ya jina la mti, uza vitu viwili. Cha kwanza nyuzi zilizonyooka. Cha pili ukavu. Jina lije la tatu. Nitaeleza kwa nini, halafu tuongee hela, maana najua hapo ndipo ubishi ulipo.

1. UGUMU NA UIMARA NI VITU VIWILI

Wengi tunadhani mti mgumu kuliko yote ndio mpini bora kuliko yote. Sio hivyo. Chupa ni ngumu kuliko mpira wa gari, lakini ukivigonga vyote na nyundo unajua kipi kitapasuka. Mpini unahitaji mti unaopokea pigo, ukajipinda kidogo, ukarudi.

Chukua mpingo. Ni mti mzito kiasi kwamba ukiutia kwenye maji unazama. Ni mgumu, unang'aa, ndiyo maana dunia nzima inauheshimu kwa vinyago vya Wamakonde na kwa ala za muziki kama klarineti. Lakini weka mpingo kwenye jembe la mtu anayelima kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Kila anaponyanyua ananyanyua uzito usio na faida, na jembe likigonga jiwe mkono wake ndio unaopokea mtikisiko wote. Unampa mteja heshima ya mti huku unamuumiza bega.

Chukua mninga na msaji, ile mitiki. Kwa mlango, kitanda au kabati, sina neno. Haipindipindi ikikauka na inapendeza. Lakini sifa ya mbao ya kutulia sio sifa ya kupokea kishindo. Msaji hasa, kwa pigo la ghafla, una tabia ya kukatika pu! kama biskuti. Mbao nzuri ya kabati inaweza kuwa mpini wa wastani wa shoka.

Wenzetu Marekani mipini yao ya shoka inayosifika ni ya mti unaoitwa hickory, na Uingereza wametumia sana mti wa ash. Sio miti migumu kuliko yote walio nayo. Wameichagua kwa sababu inavumilia kishindo.

2. JIFUNZE KWA WATU WA MISHALE

Huko huko Uingereza na Marekani kuna mafundi wanaotengeneza mishale ya mbao kwa ajili ya mchezo wa upinde. Mshale wa mbao mara nyingi huvunjika sehemu moja: nyuma tu ya kichwa cha chuma, pale kishindo kinapopokelewa. Sasa wao hawatengenezi mshale wote kwa mti mgumu, maana ungekuwa mzito na usingeruka vizuri. Wanatumia mti mwepesi kwa urefu wote, halafu mbele wanaunga kipande kifupi cha mti mgumu kwa kiungo kirefu chembamba, kama kabari iliyoingia kwenye mpasuo.

Hawasemi tu "mti mgumu ni bora." Wanajiuliza: pigo linaangukia wapi, na mti gani ukae hapo? Na wakichagua hicho kipande kifupi, rangi nzuri ni ya baadaye. Kwanza wanaangalia nyuzi zimenyooka, maana kipande chenye nyuzi za mshazari kitapasuka hata kiwe cha mti wa gharama namna gani. Pia wanajua kwamba mti wenye mafuta asilia, kama msaji, gundi inausumbua, lazima sehemu ya kuunga isafishwe vizuri kwanza.

Sisemi uanze kuunga mipini. Mpini wa shoka usiunge, kaka. Nachukua lile swali tu. Mpini mwingi wa shoka, nyundo na sururu unakatikia karibu na tundu la chuma. Kwa hiyo ukichagua mti, ile sentimita 20 ya upande wa chuma ndiyo unayoikagua kama askari wa mpakani. Hapo pasiwe na fundo, ufa wala nyuzi zilizokimbilia pembeni. Fundo likiwa lazima liwepo, afadhali liwe mbali na tundu na mbali na mahali mikono inaposhika.

3. NYUZI: NAMNA YA KUZIONA

Kila mti una nyuzi, ile mistari inayokwenda na urefu wake. Nyuzi zikitoka upande wa tundu mpaka upande wa kushikia bila kukatizwa, pigo linasambaa mpini mzima. Nyuzi zikikimbia mshazari zikatokea ubavuni, hapo mpini umeshachagua mahali pa kukatikia. Ndiyo maana mpini mbovu ukikatika unaacha kidonda kirefu cha mshazari, chenye ncha kama mkuki.

Utazionaje? Njia ni tatu.

Moja, chanja. Kama unanunua magogo madogo, chukua kipande cha mwisho ukichanje kama kuni. Ufa ukienda moja kwa moja, mti huo nyuzi zake zimenyooka. Ufa ukizunguka kama ngazi ya mnara, mti huo umejisokota, usiufanye shoka. Mpini uliochanjwa halafu ukachongwa unafuata nyuzi zenyewe. Mpini uliokatwa na msumeno unafuata mstari wa fundi, na mstari wa fundi na nyuzi za mti sio lazima vikubaliane.

Mbili, wino. Kwenye mbao iliyopigwa randa, dondoshea tone la wino. Wino unatambaa kufuata nyuzi. Ukitambaa sambamba na ukingo wa mbao, safi. Ukikimbilia pembeni, umeshapata jibu.

Tatu, angalia nyufa ndogo za kukaukia. Mti ukikauka, nyufa hizo hufuata nyuzi. Zikiwa za mshazari, na nyuzi ni za mshazari.

Kuna miti ambayo nyuzi zake zimepishana ndani kwa asili, safu hii inaelekea huku na safu nyingine kule. Mvule na mkangazi wana tabia hiyo. Ni mbao za maana kwa kazi nyingine, lakini kwa mpini mwembamba wa kishindo mimi naiacha.

Na kitu kingine: kiini, kile kidoa katikati kabisa ya mti. Mpini wa fito nzima una kiini ndani, na fito zenye kiini hupasuka kuanzia hapo zinapokauka. Fito ya mpini wa jembe inaweza kuvumilika kama mti ni mzuri. Kwa shoka, tafuta gogo nene ulichanje vipande vinne, uache kiini nje.

4. UKAVU: HAPA NDIPO TUNAPOIBIANA

Mti mbichi ni rahisi kuchonga, ndiyo maana tunaupenda. Lakini mti unapokauka unanywea unene. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, unene ndio unaopungua. Kwa hiyo mpini mbichi uliobana vizuri Jumatatu, baada ya wiki kadhaa unakuwa mwembamba kuliko tundu. Hapo chuma kinaanza kucheza.

Tena kuna mtego. Mti ukikatwa, yanatoka kwanza maji yaliyo kwenye matundu yake, na wakati huo unene haujapungua. Kunywea kunaanza unyevu ukishuka chini ya kama asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu. Ndiyo maana mpini wa wiki mbili unaushika mkononi unasema umekauka, mwepesi kabisa, kumbe kazi ya kunywea ndiyo kwanza inaanza, na inaanzia kwa mteja wako.

Usiniulize mpini ukae wiki ngapi. Inategemea mti, unene, na kama uko Tanga kwenye unyevu au Dodoma kwenye upepo mkavu. Uliza mizani. Chukua mipini mitatu ya mzigo huo, iandike namba, ipime uzito kila wiki kwenye mizani ile ile. Uzito unashuka, unashuka, mpaka unafika unagoma. Ukigoma kwa wiki mbili au tatu mfululizo, mzigo umekauka kadiri hewa ya hapo ilipo inavyoruhusu. Haihitaji kifaa cha kizungu, mizani ya kupimia sukari inatosha.

Kausha kivulini, penye upepo, juu ya vigingi, sio kwenye udongo na sio juani kwa haraka. Paka rangi ya mafuta au nta ya mshumaa kwenye ncha zote mbili siku ile ile unayokata. Maji hukimbia haraka zaidi kwenye ncha, na ndiko nyufa zinakoanzia. Rangi ya kopo lililobaki inatosha mipini mingi sana.

Na ule ushauri wa kumwambia mteja "loweka usiku kucha, itabana," tuuache. Kweli itabana, kesho. Mti ukivimba ndani ya chuma unajiponda nyuzi, ukikauka tena unanywea kuliko mwanzo. Unamsukumia tatizo wiki mbili mbele.

5. HALAFU NDIO JINA

Sasa tuongee miti. Sipangi namba moja mpaka kumi, kwa sababu swali ni chombo gani.

Shoka, nyundo na sururu vinataka mti unaovumilia kishindo. Mkole ni mti ambao wazee wametumia tangu zamani kwa fimbo, pinde na mipini, na sababu ipo: ni mgumu lakini una mnyumbuko. Mpera nao unadharauliwa kwa sababu uko uani kwa kila mtu, lakini ni mti imara wa mpini. Tatizo lake ni kupata kipande kirefu kilichonyooka, kwa hiyo nyundo na shoka dogo ndio saizi yake. Mkwaju ni mzito na mgumu, tumia kwenye vishikio vifupi.

Walio Kilimanjaro, Kagera na kwingine kwenye kahawa: mibuni mizee inang'olewa kila siku kupisha miche mipya, na watu wanachoma. Mti wa mbuni ni mgumu, umeshikana, unang'aa ukisuguliwa. Kwa mipini mifupi ya nyundo, patasi na visu ni mali inayotupwa.

Jembe linataka wepesi pamoja na nguvu. Mkaratusi una nguvu na unapatikana, ila ukikauka hupenda kupinda na kupasuka. Ukiutaka, kata wa ziada ukijua baadhi utatupa, na usiukaushe kwa pupa.

Reki, fagio na kipeperushi cha kuta mtie mgrevilea au paina. Hapo hakuna kishindo. Kuweka mti mgumu kwenye fagio ni kumchosha dada wa watu na kujiongezea gharama.

Na tuambiane ukweli kuhusu karatasi. Miti ya asili kutoka msituni haikatwi kienyeji. Tanzania tuna Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na mazao ya misitu yanasafirishwa kwa hati. Mpingo uko kwenye orodha ya CITES tangu 2017, na mninga uliingizwa kwenye mkutano wa 2022, kwa hiyo anayefikiria kuuza nje ajiandae zaidi. Kabla hujapakia mzigo, pita kwa TFS au ofisi ya misitu ya wilaya uulize. Mzigo ukikamatwa unaondoka na mtaji. Hii ni sababu nyingine ya kupenda mpera, mbuni na mkaratusi wa shambani: unajua ulipotoka.

6. "MTEJA ANATAKA RAHISI"

Najua hili jibu, nalisikia kila siku. Na lina ukweli, sio kila mteja ana hela. Lakini tupige hesabu ya mfano, wewe weka namba zako.

Tuseme unanunua mipini 20 mibichi kwa 1,000 kila mmoja. Umetoa 20,000. Unaiuza yote mibichi kwa 2,000. Umeingiza 40,000, faida 20,000.

Sasa mzigo ule ule ukaushe na uuchambue. Tuseme 14 imetoka safi, unauza 3,500: hiyo ni 49,000. Minne ina kasoro ndogo, unaishusha kuwa ya reki au unaikata ya nyundo, unauza 1,000: hiyo ni 4,000. Miwili ni kuni, basi. Jumla 53,000, faida 33,000 kabla ya kutoa rangi ya ncha na kodi ya mahali pa kukaushia.

Nani atatoa 3,500? Yule anayekula kwa kutumia chombo. Mchanja kuni, mchimba msingi, kibarua wa shamba, fundi ujenzi. Mpini ukikatika saa tatu asubuhi, siku yake imekwisha. Huyo hanunui mti, ananunua siku zisizopotea. Tatizo ni kwamba hatuna cha kumwonyesha zaidi ya jina, ndio maana anabishana bei.

Kitu cha kweli hapa ni mtaji kulala. Mzigo unakaa ukikauka na mtoto anataka ada. Dawa yake ni kalenda. Mipini inatafutwa mvua zinapokaribia. Kwa hiyo nunua na chonga kienyeji wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti, wakati hewa yenyewe inakukaushia bure na bei ya mti iko chini kwa kuwa hakuna anayeuliza. Malizia kuchonga mvua zikinukia. Kama huwezi mzigo wote, anza na robo. Robo uiweke ikauke, robo tatu uendelee kuuza ulivyozoea, na kila mwezi uongeze. Andika tarehe kwenye kila fungu, cha kwanza kuingia kiwe cha kwanza kutoka.

7. USIUPAKE RANGI UKAUFICHA

La mwisho, na hapa nitasema kwa ukali. Kuna wenzetu wanapaka mpini mweupe dawa ya viatu au oili chafu, uonekane mweusi, uitwe mpingo. Huo ni wizi, na unatuchafua wote. Rangi nzito inaficha nyuzi, inaficha fundo, inaficha ufa. Mteja makini akiona mpini uliopakwa ajiulize unaficha nini.

Paka mafuta ya kitani, yale mafundi wanaita linsidi, kidogo tu, ufute yaliyobaki. Nyuzi zinaonekana vizuri zaidi na mkono haupati malengelenge kirahisi kama kwenye vanishi inayoteleza. Mpe mteja mpini auangalie kama anavyolenga bunduki, jicho moja limefumbwa. Mwambie, "Angalia mistari hii, inatoka huku mpaka huku." Weka na kipande kilichochanjwa pembeni cha mfano. Ukiweza, tia mpini kwenye shoka lake hapo hapo na kabari kavu, umtoze ada ndogo ya kazi. Atakuwa ameona kwa macho yake kitu anacholipia.

Na akikuuliza ni mti gani, mwambie ukweli. "Mpera huu, mzee." Akicheka, mwache acheke. Msimu ujao atarudi kuuliza, "Bado unayo ile mipera?"

Huo ndio msimamo wangu. Mwenye uzoefu tofauti, hasa nyie wa Singida, Songea na Bukoba, tuambieni huko kwenu mpini wa shoka mnatumia mti gani na mnaukausha vipi. Na kama una rafiki anayeuza mipini, mtumie hii kabla hajanunua mzigo wa kiangazi.